Kikohozi cha Mtoto chenye Makohozi Kisichoisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwenye benchi la kliniki ya watoto, ambako nimekaa upande wa pili wa meza kwa miaka mingi. Wazazi huja na mfuko wenye chupa tatu nne za sirapu, nyingine zimebaki nusu, na sentensi moja: "Daktari, hiki kikohozi kimekataa." Nimeandika majibu kama ninavyoyasema pale mezani, ila kwa urefu ambao foleni hainiruhusu. Hayachukui nafasi ya kumpeleka mtoto apimwe. Yatakusaidia kujua lini umpeleke, useme nini ukifika, na uulize nini kabla hujaondoka.

## Mambo ya kuanzia

1. Mwanangu hatemi makohozi. Nitajuaje kama kikohozi chake ni cha makohozi?

Watoto wadogo karibu wote hawatemi. Makohozi yakipanda kooni huyameza, ndiyo maana wengine hutapika ute baada ya kukohoa. Kwa hiyo usingoje kuona kinachotoka, sikiliza. Kikohozi kikavu hukwaruza au hubweka, hakina kitu ndani. Cha makohozi kina sauti ya kitu kinachosogea, kama uji mzito unaochemka. Weka kiganja mgongoni mwake, kati ya mabega, anapokohoa. Mara nyingi utasikia mtetemo mkononi.

Wakati mzuri wa kusikiliza ni alfajiri anapoamka, kabla hajanywa chochote, kwa sababu makohozi hukusanyika usiku. Na tafadhali mrekodi kwa simu. Watoto wana tabia ya kukohoa usiku kucha nyumbani, wakifika kwa daktari wakanyamaza kimya. Rekodi ya sekunde kumi imenisaidia mara nyingi kuliko maelezo ya nusu saa.

2. Wiki ngapi ni nyingi mno?

Mafua ya kawaida huacha kikohozi nyuma yake, na kikohozi hicho hukawia kuliko wazazi wanavyotarajia. Kati ya watoto 10 waliopata mafua, 9 huwa wameacha kukohoa ndani ya siku 25 hivi. Kwa hiyo mtoto anayecheza, anayekula na asiye na homa, akikohoa wiki ya pili baada ya mafua, mara nyingi anaelekea kupona.

Kikohozi cha makohozi kikifikisha wiki nne, kila siku, bila hata siku moja ya kupumzika, hicho si mafua tena. Kina sababu, na sababu hiyo inatafutwa. Usikubali kuambiwa "atakua ataacha".

Lakini usichanganye na tarehe ya kifua kikuu, ambayo ni fupi zaidi: wiki mbili tu. Mtoto akikohoa zaidi ya wiki mbili bila nafuu, au akiwa anaishi na mtu mwenye TB hata kama amekohoa siku tatu, aulizwe na achunguzwe TB (swali la 6).

Hesabu vizuri. Mtoto wa chekechea hupata mafua mara sita, nane, hata zaidi kwa mwaka, na moja likiisha jingine linaingia. Mama husema "anakohoa tangu Januari", tukikaa pamoja na kalenda tunakuta kulikuwa na siku kumi katikati alipokuwa mzima kabisa. Hiyo ni habari njema. Andika kwenye daftari au kwenye simu: siku alizokohoa, siku ambazo hakukohoa.

3. Ni dalili zipi zisizosubiri wiki yoyote?

Mpeleke leo, hata kama ni usiku, ukiona hata moja kati ya hizi:

- Anahema haraka akiwa ametulia. Hesabu kwa dakika nzima: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5.
- Chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta pumzi.
- Midomo au ulimi umekuwa wa bluu.
- Hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea mno, au amepata degedege.
- Anakohoa damu.
- Kikohozi kilianza ghafla baada ya kupaliwa (swali la 7).

Kuna dalili nyingine ambazo si za kukimbia usiku, ila zinasema tatizo si dogo: kukonda au mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki kulala, jasho na homa za jioni, kukohoa kila anapolishwa, kuchoka kucheza na wenzake, na ncha za vidole kunenepa kama rungu huku kucha zikibinuka. Hiyo ya vidole huwapita wengi. Mwangalie leo mikononi.

## Kinaletwa na nini?

4. Mwanangu ana afya, anakula, anacheza, ila kifua kinakoroma wiki ya sita. Ana nini?

Kwa mtoto wa namna hii, hasa aliye chini ya miaka sita, ugonjwa unaoongoza ni ule ambao watu wengi hawajawahi kuusikia: bronkaitisi ya bakteria inayodumu. Madaktari wa Brisbane, Australia, ndio walioupa sura yake mwaka 2006. Kabla ya hapo watoto hawa waliitwa wana pumu, wakapewa dawa za pumu miezi na miaka, na wakaendelea kukohoa.

Huanza hivi. Mafua yanapita, yanakwangua ngozi laini ya ndani ya njia za hewa, na vile vinyweleo vinavyosukuma uchafu kwenda juu vinalala. Makohozi yanatuama. Bakteria wanaoishi puani siku zote, hasa Haemophilus influenzae, pneumokoka na Moraxella catarrhalis, wanashuka na kufanya makazi. Wakishakaa hujijengea utando. Umewahi kuona ule utelezi ndani ya mtungi wa maji usiosuguliwa? Ni kitu cha namna hiyo. Dawa ya siku tano huua walio juu, walio ndani ya utando wanabaki, na wiki moja baadaye kikohozi kiko palepale. Kwa kawaida hakuna homa, na mtoto haonekani mgonjwa. Ndiyo maana unachelewa kugunduliwa.

Wazazi huniuliza: amechanjwa zote, imekuwaje? Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinamkinga na aina kali, zile zinazoleta nimonia kubwa na homa ya uti wa mgongo. Haemophilus wa kikohozi hiki ni ndugu yake asiyekuwemo kwenye chanjo. Chanjo haikushindwa, ilifanya kazi nyingine.

5. Je, si pumu? Jirani alisema ni pumu.

Pumu kwa kawaida huleta kikohozi kikavu, kinachokuja na kuondoka, kibaya zaidi usiku au akikimbia, pamoja na mlio wa filimbi kifuani na kubanwa. Mtoto wa pumu akivuta dawa ya kufungua kifua, salbutamoli, hupata nafuu mbele ya macho yako. Mtoto mwenye kikohozi cha makohozi cha kila siku, asiye na mlio wa filimbi, hapati nafuu hiyo, na kumwongezea dawa za pumu hakumsaidii.

Lakini mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Na sauti ya kukoroma isikuchanganye na filimbi: kukoroma ni nzito, hubadilika akikohoa, filimbi ni nyembamba na hutoka anapotoa pumzi. Rekodi ile ya swali la 1 itamsaidia daktari kutofautisha.

6. Nikisikia kikohozi kirefu nawaza kifua kikuu. Nina haki ya kuogopa?

Una haki ya kuuliza, na ninafurahi mzazi anapouliza yeye kabla yangu. Katika nchi zetu hakuna kikohozi kirefu cha mtoto kinachofungwa bila swali la TB. Swali kubwa kuliko yote ni hili: kuna mtu mzima yeyote anayekohoa, au aliyewahi kutumia dawa za TB, mahali mtoto anapolala au anaposhinda? Baba, bibi, dada wa kazi, mjomba aliyekuja kukaa miezi miwili, mwalimu wa chekechea. Watoto wadogo hupata TB kutoka kwa wakubwa. Mara nyingi tunamkuta mtoto kwanza, kisha kupitia kwake tunampata mtu mzima ambaye alikuwa anakohoa kimyakimya.

Mtoto wa TB mara nyingi ana kikohozi pamoja na kingine: hakui uzito, homa za muda mrefu, amenyong'onyea, hachezi. Chanjo ya BCG aliyopewa mkononi alipozaliwa inamkinga zaidi na TB kali ya ubongo na ile inayosambaa mwilini. Haizuii TB ya mapafu kabisa.

Tiba ipo na katika vituo vya serikali ni bure. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limeruhusu watoto wenye TB isiyo kali kutibiwa kwa miezi 4 badala ya 6, baada ya utafiti uliofanyika Uganda, Zambia, Afrika Kusini na India. Vidonge vya watoto vinayeyuka kwenye maji na vina ladha ya matunda. Na mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa TB, akichunguzwa akakutwa hana ugonjwa, hupewa dawa ya kinga. Usiikatae kwa sababu "hana kitu". Anapewa ili asiwe na kitu.

7. Kupaliwa kunahusianaje na kikohozi cha miezi miwili?

Kunahusiana sana. Karanga, punje ya hindi, mbegu ya tikiti, shanga, kipande cha kalamu: kikipita njia ya hewa kikaketi kwenye bomba la pafu moja, mtoto hukohoa kwa nguvu dakika kadhaa, kisha hutulia. Kila mtu anashukuru Mungu na kusahau. Kitu kiko ndani. Makohozi yanajikusanya nyuma yake, bakteria wanakuja, na inakuwa "nimonia" inayorudi upande uleule kila mara.

Nikiuliza "aliwahi kupaliwa?" jibu la kwanza huwa hapana. Kisha jioni yule dada aliyebaki nyumbani naye huulizwa, anasema: "Siku ile ya karanga." Waulize wote waliomlea mtoto, kwa upole, bila kumtisha mtu, kwa sababu anayeogopa kugombezwa atanyamaza.

Eksirei inaweza kuwa safi kabisa, maana karanga haionekani kwenye picha. Historia ya kupaliwa peke yake inatosha kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa kama Muhimbili au Kenyatta, aangaliwe kwa bomba lenye taa akiwa amelazwa usingizi, na kitu kitolewe. Dawa haziyeyushi karanga. Na usijaribu kukitoa kwa kidole. Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe karanga nzima.

8. Je, ni meno? Baridi? Minyoo?

Meno hayaleti kikohozi cha wiki nne. Yanaleta mate mengi, na mate yanaweza kumkohoza kidogo.

Maji baridi, kulala sakafuni na kuvaa kidogo havizalishi bakteria kifuani. Msimu wa baridi watoto hujazana ndani, madirisha yakafungwa, na mafua yakaambukizana. Hapo ndipo lawama ilipotoka.

Minyoo ina ukweli wake. Mabuu ya minyoo mikubwa ya duara hupita kwenye mapafu na kuleta kikohozi, mara nyingi kikavu, cha wiki moja au mbili. Mpe mtoto dawa ya minyoo kwa ratiba ya kliniki, lakini usiitegemee kwa kikohozi cha makohozi cha miezi miwili.

9. Tunapikia mkaa ndani. Inaweza kuwa sababu?

Inaweza kukianzisha, na hakika itakizuia kupona. Moshi wa mkaa, kuni, taa ya mafuta, sigara ya baba na ule wa dawa ya mbu ya kuchoma vyote vinalaza vinyweleo nilivyovitaja kwenye swali la 4. Najua si kila nyumba ina gesi. Washa jiko nje, liingize likishaiva vizuri kama ni lazima, acha mlango na dirisha wazi, na mtoto asibebwe mgongoni unapopuliza moto. Usilale na jiko la mkaa ndani kwa sababu yoyote. Hapo si kikohozi tena, ni sumu inayoua usingizini. Mbu zuia kwa chandarua.

## Vipimo

10. Eksirei imetoka safi. Basi hana kitu?

Hapana. Katika bronkaitisi ya bakteria inayodumu, eksirei mara nyingi ni safi au ina mabadiliko madogo tu. Picha tunaipiga kutafuta mengine: TB, nimonia, pafu lililoziba, moyo mkubwa.

Ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa mambo matatu: kikohozi cha makohozi cha zaidi ya wiki nne, kutokuwepo dalili za ugonjwa mwingine (zile za swali la 3), na kikohozi kuisha kabisa kwa antibayotiki ya wiki mbili hadi nne. Umeona? Dawa yenyewe ni sehemu ya kipimo. Kwa hiyo siku ya kurudi kliniki ni muhimu sawa na siku ya kwanza. Wazazi wengi mtoto akipona hawarudi, nami nabaki sijui kama alipona au alihamia hospitali nyingine.

Mtoto wa miaka 6 na kuendelea anaweza pia kupuliza kwenye mashine ya kupima nguvu ya mapafu, kama ipo. Na kipimo cha VVU kifanyike kwa kila mtoto mwenye kikohozi kirefu. Si tuhuma kwa mama, ni kipimo kama kile cha damu kupungua.

11. TB inapimwaje kwa mtoto asiyetema?

Kuna njia kadhaa. Choo chake kinaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, maana makohozi aliyoyameza yanapita huko. Makohozi yanaweza pia kuvutwa kwa mpira mwembamba kutoka nyuma ya pua, au kutoka tumboni asubuhi kabla hajala, au kuchochewa kwa kumvutisha mvuke wa maji ya chumvi.

Kipimo kikisema hakuna TB, bado hakijaifuta. Watoto wana vijidudu vichache, na wengi wenye TB vipimo vyao hutoka hasi. Daktari anaruhusiwa kuanza tiba kwa kujumlisha dalili, picha na historia ya aliyekaa naye. Ukiambiwa hivyo, si kubahatisha.

## Matibabu

12. Ni dawa gani, na kwa siku ngapi?

Kwa bronkaitisi ya bakteria inayodumu, dawa inayotumika zaidi ni amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, kwa wiki mbili bila kukatisha. Katika utafiti wa Australia uliotoka 2012, watoto waliopewa dawa hii wiki mbili, asilimia 48 waliacha kukohoa. Waliopewa dawa bandia, asilimia 16. Akiwa bado ana makohozi baada ya wiki mbili, huongezewa mpaka zitimie nne.

Kwa nini asipewe wiki nne moja kwa moja? Swali zuri, na limejibiwa. Watoto wa wiki mbili na wa wiki nne walikuwa sawa kupona kufikia siku ya 28, ila waliotumia wiki nne walikaa muda mrefu zaidi kabla kikohozi hakijarudi: siku 150 kwa wastani wa kati, dhidi ya 36. Kwa hiyo kwa mtoto ambaye kinamrudia, daktari anaweza kuchagua wiki nne tangu mwanzo. Kwa mara ya kwanza, mimi huanza na mbili na kumwita.

Sijaandika vipimo vya kijiko hapa kwa makusudi. Dozi hupigwa kwa kilo, na chupa mbili zenye sanduku linalofanana zinaweza kuwa na nguvu tofauti, miligramu 228 au 457 katika mililita 5. Mtoto apimwe uzito siku hiyohiyo. Aliye na mzio wa penisilini ana dawa nyingine. Mtaje mzio huo kabla kalamu haijagusa karatasi.

13. Ameshakunywa amoksilini mara tatu. Si ameshatibiwa?

Mara tatu za siku tano si sawa na mara moja ya siku kumi na nne. Kila mara utando ulibaki (swali la 4). Tena sehemu kubwa ya bakteria hawa huvunja amoksilini ya peke yake. Klavulaniki ndiyo inayowazuia. Na huenda hakuwa na bakteria kabisa, alikuwa na TB au karanga. Usinunue ya nne dukani.

14. Dawa ya maji inataka friji na sina. Nifanyeje?

Hili linaharibu tiba nyingi na watu wanaona aibu kulisema. Dawa hii ya unga ikishachanganywa na maji inatakiwa friji, na nyingi hudumu siku 7 tu. Kwa hiyo hata mwenye friji, dawa ya wiki mbili ni chupa mbili au zaidi: ya pili ibaki unga mpaka ya kwanza iishe. Nimeona wazazi wakichanganyiwa zote siku moja dukani, wiki ya pili mtoto akanywa dawa iliyokwisha nguvu.

Mtungi wa udongo unapoza maji ya kunywa, haufikii ubaridi wa friji. Kama huna friji, mwambie daktari hivyo waziwazi na uombe vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji, ambavyo unavunja dozi moja moja. Wengine wameomba nafasi kwenye friji ya duka la jirani, na imewezekana.

15. Dawa inamharisha. Niache?

Kuharisha kidogo ni kawaida ya klavulaniki. Mpe dawa mwanzoni mwa chakula, ongeza maji ya kunywa, na ORS. Rudi kliniki akiharisha damu, akikauka, au akitoka vipele na kuvimba uso. Hicho cha mwisho, acha dawa na uende saa hiyohiyo.

16. Sindano si zina nguvu zaidi?

Zinauma zaidi. Kwa mtoto anayeweza kumeza, dawa ya kunywa inafika kifuani vizuri. Sindano ni ya mgonjwa mahututi au anayetapika kila kitu. Siku tatu za seftriaksoni kwa kikohozi cha wiki sita hazitoshi, kwa sababu ileile ya swali la 13.

17. Nimpe sirapu gani ya kikohozi?

Hakuna. Hili jibu haliwapendezi wazazi, na wauzaji wa dawa pia. Sirapu za kuzuia kikohozi zinazuia mlango wa kutolea uchafu. Mtoto mwenye makohozi anahitaji kukohoa. Zenye kodeini ni hatari kwa aliye chini ya miaka 12, zinaweza kumzimisha pumzi. Zile za kusinzisha zinampa mama usiku mmoja wa usingizi, basi. Salbutamoli ya kunywa bila mlio wa filimbi inamtetemesha mikono na kumpeleka moyo mbio.

Na kuna sababu nzito zaidi. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kufeli, na sirapu za kikohozi na mafua zenye sumu ya daiethilini glaikoli zikahusishwa na vifo hivyo. Ukibaki na pesa ya sirapu, mnunulie mayai.

18. Asali, tangawizi, kujifukiza?

Asali kijiko kimoja kabla ya kulala inatuliza kikohozi cha mafua kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Chini ya mwaka asipewe hata ya kulamba. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ya botulizimu tumboni mwa mtoto. Chai ya tangawizi isiyo kali haina ubaya, ni maji ya moto mazuri. Hivi havitibu bakteria.

Kumfukiza mtoto kwa sufuria ya maji yanayochemka, sikubaliani nako kabisa. Nimeona majeraha yake. Na usimdondoshee samli wala mafuta yoyote puani: hushuka mapafuni na kuleta nimonia ya mafuta, ambayo antibayotiki haiiwezi.

19. Bibi anasema kimio kimerefuka, kikatwe. Je?

Kisikatwe. Naelewa imani hii inatoka wapi. Mtoto anakohoa miezi, dawa hazisaidii, mtu anamfungua kinywa na kukiona kimio, ambacho wengine hukiita kilimi au kidakatonge, kimevimba na kinagusa ulimi. Kinaonekana ndicho kinachomkereketa. Lakini kimevimba kwa sababu anakohoa na koo lina maambukizi. Na kwa watoto wengi wazima kabisa kinagusa ulimi siku zote.

Tumepokea watoto waliokatwa wakiwa wamepauka kwa kutokwa damu, na wengine na maambukizi ya shingo. Kisu au wembe wa mtu mmoja unaotumika kwa watoto wengi unaweza kubeba VVU, homa ya ini na pepopunda. Kikohozi kikiisha baada ya kukatwa, kilikuwa kimefika siku yake ya kuisha; nyingi huisha, kama nilivyosema kwenye swali la 2.

Usigombane na bibi. Mlete kliniki pamoja na mtoto, tuzungumze naye kwa heshima. Nimeona bibi aliyeelezwa vizuri akirudi kijijini na kuwazuia wengine watano.

## Hali zisizo za kawaida

20. Alipona, kimerudi. Hii ni mara ya nne mwaka huu.

Zaidi ya mara tatu kwa mwaka, au kikohozi kisichoisha baada ya wiki nne kamili za dawa sahihi, ni tiketi ya rufaa. Tunaogopa bronkiektasisi: njia za hewa zimetanuka na kulegea, makohozi yanalala humo kama maji kwenye mtaro uliobomoka. Huonekana kwa picha ya CT. Kwa watoto, ikikamatwa mapema, njia hizo zinaweza kurudi sawa. Ndiyo sababu ya haraka hii yote.

Rufaani wataangalia kinga ya mwili, wataangalia ndani ya njia za hewa, na watakufundisha mazoezi ya kutoa makohozi. Moja rahisi kwa wa miaka minne na zaidi: kupuliza mapovu kwa mrija kwenye chupa ya maji, kisha kukohoa kwa nguvu.

21. Mwanangu anatumia dawa za VVU na anakohoa muda mrefu.

Mwambie mhudumu wa kliniki ya dawa za VVU (CTC, au CCC kwa Kenya) siku ya kliniki, usingoje aulize. Kwa watoto hawa TB hutafutwa kwa bidii zaidi, na wengine, hasa walioanza dawa wakiwa wakubwa, wana madhara ya kudumu kwenye mapafu. Antibayotiki za swali la 12 zinasaidia, lakini swali la kwanza ni kama virusi vimefubaa.

22. Ana selimundu. Kuna tofauti?

Kubwa. Kikohozi pamoja na homa, maumivu ya kifua au kuhema haraka kwa mtoto wa selimundu ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa sababu seli za damu zilizopinda zinaweza kuziba mishipa ya mapafu. Wiki nne hazihesabiwi kwake.

23. Ana mtindio wa ubongo na hukohoa kila akila.

Huenda chakula kinapita njia ya hewa kidogo kidogo. Mlishe akiwa ameketi, kichwa kimeinama mbele kidogo, kwa uji mzito badala ya mwepesi, kijiko kidogo, bila haraka. Kumlaza chali na kummiminia ni hatari. Dawa bila kubadilisha ulishaji itarudiwa kila mwezi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza kukuonyesha mkao kwa mikono yake, na hilo linafaa kuliko maandishi yangu.

24. Pua linatoka makamasi tangu alipozaliwa, masikio yanatoa usaha, na hajawahi kumaliza mwezi bila kukohoa.

Sema hivyohivyo kwa daktari, kwa mpangilio huohuo, na uongeze kama alizaliwa kwa miezi yake kamili lakini akahitaji oksijeni siku za kwanza. Kuna watoto wachache wanaozaliwa vinyweleo vya njia za hewa havifanyi kazi. Ni ugonjwa wa kurithi, na hukosewa kwa miaka mingi kwa kuitwa mafua, pumu au TB isiyopona. Karibu nusu yao viungo vya ndani vimegeuzwa upande, kwa hiyo mhudumu asiposikia vizuri mapigo ya moyo kushoto, mwombe aweke kifaa chake na upande wa kulia.